Kitanda cha Shibiri Tisa

Uliiona, usijitie hamnazo. Kila siku ukienda kazini unapita kando ya ukuta wa karakana ya vyombo, pale palipong'oka matofali matatu, na kwenye tundu lile inaonekana mashua ya tanga iliyopandishwa juu ya magogo, ndogo, kuukuu, rangi imebanduka kama ngozi ya nyoka. Umesikia randa ikilia tumboni mwake. Umemwona mwanamke akichomoza kwenye mlango wa juu, kichwa kimejaa unga wa mbao, akivuta pumzi kama aliyeibuka majini. Ukafanya nini? Ukainamia simu yako. Wengine mkasema, "Yule mwenye wazimu wa mashua," mkacheka, mkaenda zenu. Sasa kaeni kitako. Aliyefumba macho kwa makusudi si kipofu, ana la kujibu.

Mwanamke yule ni fundi cherehani. Mtaani anaitwa Fundi tu, na hakuna pazia wala sare ya shule pale mtaani ambayo haijapita chini ya sindano yake. Mumewe ni baharia, serahangi, yaani mkubwa wa wafanyakazi wa sitahani kwenye meli ya mizigo. Wana miaka kumi na mmoja ya ndoa. Katika miaka yote hiyo hawajapata kulala kitanda kimoja siku arobaini mfululizo. Kila mara simu ya wakala wa meli ililia kabla. Ndiyo maana walipoipata mashua ile, gofu lililokuwa likifuga panya, Serahangi alimwambia mkewe: "Hiki ndicho chombo cha kwanza nitakachopanda kisicho na bosi. Nikirudi safari hii tunakitengeneza ndani. Tutalala humo mimi na wewe mpaka unichoke."

"Mbona nimekuchoka tangu juzi," Fundi akamjibu, huku akimfunga kifungo cha shati.

Imepita miaka miwili na miezi minne.

Meli ilitia nanga bandari ya mbali, mwenye meli akayeyuka kama chumvi majini, na bandari ile ikaizuia isiondoke. Mabaharia wakaachiwa mmoja mmoja, akabaki Serahangi. Siku moja alipandishiwa mapipa ya maji ya kunywa pamoja na karatasi ya lugha asiyoijua. Akatia sahihi akidhani anapokea maji. Kumbe amepokea meli. Kwa karatasi ile yeye ndiye mlinzi wake kisheria, na haruhusiwi kushuka mpaka wakala aliyempeleka alete mlinzi mwingine. Wakala huyo unamjua. Ofisi yake iko ghorofa ya pili, ina kiyoyozi na samaki wa mapambo wanaolishwa mara tatu kwa siku. Serahangi anakula mara moja.

Wala si yeye wa kwanza. Kabla yake palikuwa na yule mpishi wa meli aliyerudi baada ya miaka mitatu, mwanawe akamkimbia akidhani ni mgeni. Kabla ya mpishi palikuwa na wale mafundi mitambo wawili, ambao wakala huyuhuyu alisema wamelowea ughaibuni kwa hiari yao. Mara zote mbili tulitia pamba masikioni. Kunyamaza nako ni kupanda mbegu, na haya ndiyo mavuno.

Fundi alipochoka kulia, akashika patasi. Akaingia ndani ya mashua na kung'oa kila kilichooza: mbao za sakafu zilizolainika kama mkate uliolowa chai, kabati lililoota ukungu, magodoro yaliyonuka maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya chombo. Aling'oa mpaka mataruma, zile mbavu za mashua, yakabaki wazi, ikawa umesimama ndani ya mnyama aliyechunwa. Akayapiga msasa, akayapaka dawa ya mbao, akaziba nyufa moja baada ya nyingine. Boriti ya kati ilimgonga kichwa kila siku mahali palepale, naye akaipa jina, akaiita Mama Mkwe. "Leo Mama Mkwe kanisalimia mara nne," humwambia mumewe, na mumewe hucheka kule aliko mpaka akakohoa.

Serahangi hupiga simu Jumamosi alasiri, mashua ya chakula inapomletea mkate na kumchajia simu. Chumba cha ndani alikuwa ameshakipanga kichwani kabla hajasafiri, akipimapima kwa kiganja kama mtu anayempapasa farasi kabla ya kumnunua.

"Kitanda kianzie kwenye ubao wa mlingoti," alisema. "Shibiri tisa. Hapo weka kizuizi, halafu kabati, halafu jiko lako."

"Shibiri! Mume wangu, sisi wenye kazi zetu tuna futikamba."

"Na mimi huku futikamba nitaitoa wapi? Nina mkono. Andika tisa."

Akaandika tisa. Fundi aliyepima viuno na mabega ya mji mzima akatandaza kiganja chake juu ya futikamba, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho: sentimita kumi na tisa na nusu. Akazidisha kwa tisa. Akachora kwa chaki, akapima tena kabla ya kukata, kama afanyavyo kwa nguo ya bibi harusi. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Mkono ndio ulikuwa wa mtu mwingine.

Usimcheke. Katika miaka kumi na mmoja alimshonea mumewe mashati bila kumpima, kwa jicho tu, na hakuna lililombana. Hakuwahi kuuliza mkono wake una urefu gani. Mtu huuliza kitu asicho nacho.

Miezi saba ikapita. Asubuhi cherehani, alasiri mashua. Kizuizi kikasimama, kabati likajengwa likiegemea kizuizi, jiko likaegemea kabati, na kona ya mwisho akajibakizia kibao cha kukalia yeye na kazi yake ya mkono. Vyote vikafungwa kwa skrubu za shaba na gundi isiyoogopa maji. Akapaka vanishi mara tano, mbao zikang'aa kama asali. Godoro akalishonea kitambaa kizito cha kijani, pembeni kamba nyeupe iliyonyooka kama mstari wa daftari. Kisha akamwita shemeji yake, mdogo wa Serahangi, fundi wa kuchomelea vyuma, ili aje kufunga vyuma vya kushikilia jiko. Shemeji huyo na kaka yake ni warefu sawasawa. Ukiwatazama kwa nyuma unaweza kumdai mmoja deni la mwingine.

Alipomaliza kufunga, Fundi akamwambia, "Hebu jaribu kitanda cha kaka yako."

Shemeji akavua viatu, akajilaza. Kichwa kiligusa ubao wa mlingoti, nyayo zikagonga kizuizi, na magoti yakabaki juu kama ya panzi.

"Shemeji, umetengeneza kitanda au kapu?"

"Nyoosha miguu, acha maskhara."

"Niinyooshee wapi, jikoni? Siku ukipika utanichemsha vidole."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe hujakilalia hata dakika."

"Wifi yangu, humu hata kunguni hatageuka!" Shemeji mwenyewe akashtukia alivyomwita, akacheka. "Ona, maumivu ya goti yamenisahaulisha hata undugu."

Fundi naye akacheka, halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Alikuwa anautazama mkono wa shemeji, uliokuwa umeshika ukingo wa kitanda: kiganja kipana, vidole virefu vilivyozidi vyake kwa pingili nzima. Akakaa juu ya sanduku la vyombo vya kazi.

"Nimekosea nini?" Shemeji akauliza.

"Si wewe."

Jumamosi simu ilipolia, hakumsalimia hata. "Una kiberiti hapo?"

"Kipo. Unataka kuniwashia sigara toka huko?"

"Panga mkono wako kando yake. Shibiri moja ni viberiti vingapi? Niwekee picha niuone."

Angeweza kuupima mkono wa shemeji, lakini mkono usiokuwa wenyewe ulikuwa umeshamponza mara moja. Picha ikaja ikikatikakatika. Viberiti vinne na nusu. Fundi akapima kiberiti chake: sentimita tano. Akapiga hesabu kwenye ukingo wa gazeti. Kitanda kilikuwa kimepungua sentimita ishirini na saba. Lakini macho yake hayakuwa tena kwenye viberiti. Ngozi ya mkono ule ilikuwa imepasuka kama tope la kiangazi, na mifupa yake ilikuwa imekuja juu, mmojammoja, unaweza kuihesabu.

Akamweleza kosa lake. Serahangi akasema kwa sauti ya upole mno: "Basi acha. Usibomoe. Nitalala nimejikunja."

"Nini?"

"Nitajikunja tu, mke wangu. Huku nalala juu ya benchi la jikoni, ndipo penye kajoto kidogo. Nimeshazoea. Hata ukipunguza tena, sawa. Mimi nafasi ndogo inanitosha."

Huyu ndiye mtu aliyekuwa akilala kwa kukingama kitanda kizima, kama mti ulioanguka barabarani. Alikuwa akigombania shuka usingizini na kushinda. Fundi alimwamsha kwa kiwiko miaka kumi na mmoja ili apate pa kuweka ubavu. Na sasa mtu huyo anaomba radhi kwa urefu wake.

"Nani amekufundisha kujikunja?" Fundi akauliza.

"Chaji inakwisha," akajibu Serahangi, na haikuwa kweli, maana walibaki hewani dakika nzima, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake.

Kesho yake asubuhi Fundi akachukua mtaimbo. Shemeji alifika akakuta kizuizi kimeshang'oka upande mmoja, vanishi imechanika, vipande vya asali ile vimetapakaa sakafuni.

"Shemeji! Miezi saba hiyo!"

"Miezi saba ni yangu. Sentimita ishirini na saba ni zake."

"Lakini kaka mwenyewe kasema..."

"Aliyesema si kaka yako. Ni meli ile ndiyo imesema. Shika upande huo au nipishe."

Akashika. Gundi isiyoogopa maji haikuogopa mtaimbo pia. Kila ubao ulitoka na ngozi ya mwenzake. Ili kitanda kirefuke ilibidi kizuizi kisogee, kizuizi kiliposogea kabati likasogea, jiko likabaki na bamba moja la moto badala ya mawili, na kile kibao cha kukalia Fundi kikakosa mahali. Akakitoa nje akakiegemeza kwenye gogo, bila kukitazama mara ya pili. Godoro aliliunga, na mshono ukaonekana hata ufiche vipi, kovu jeupe juu ya kijani.

Siku kazi ilipokwisha, mchana kweupe, Shemeji alijilaza akanyoosha miguu yote, akalala kweli, akakoroma. Alipoondoka, Fundi akapanda mwenyewe. Kichwa kikagusa ubao wa mlingoti. Akanyoosha miguu, akanyoosha na vidole, na bado hakufika. Kule chini palibaki nafasi, na ubavuni palibaki nafasi, na mashua nzima ikanukia mbao mpya na vanishi, kila kitu mahali pake, safi, imara, kimya. Akalala pembeni kabisa, kama alivyozoea kusukumwa. Hakuna aliyemsukuma.

Hapo ndipo alipoinuka, akajikung'uta, akaenda kumshtaki wakala kwenye baraza la kazi la bandari. Alikuwa amesikia kwamba baraza hilo lina uwezo wa kumwamuru wakala apeleke mlinzi mwingine. Siku ya kikao alikwenda na shemeji. Walikaa kwenye benchi saa nne nzima. Wakala hakuja. Karani akachungulia juu ya miwani, akawahesabu kwa kalamu, mmoja, wawili, akasema: "Mama, jambo la watu wawili ni la nyumbani. Nendeni mkalimalize nyumbani." Akafunga jalada.

"Nyumbani ndiko asikoweza kufika," Fundi akamwambia.

Karani akapiga muhuri. Kesi imeahirishwa.

Watu wawili! Mtaa una watu wangapi? Sare za watoto wenu amezishona nani? Mwishoni mwa wiki ile alibisha hodi nyumba kumi na nane, mlango kwa mlango. Wengine walimkaribisha chai. Wote walimpa pole. Pole ni neno zuri, halijawahi kumshusha mtu melini. Na Jumamosi iliyofuata simu haikulia. Mashua ya chakula ilichelewa, au chaji, au kitu kingine. Fundi alikaa na simu mapajani mpaka adhana ya magharibi, na mpaka leo hajui.

Kikao cha pili ni Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, ukumbi wa baraza la kazi, mlango wa kushoto. Benchi ni ishirini. Zikijaa, karani hatakuwa na la kuhesabu kwa kalamu, na wakala ataletwa atake asitake. Zikibaki tupu, jalada litafungwa kwa mara ya mwisho, na mtu mrefu ataendelea kujikunja kwenye benchi la jikoni mpaka asahau aliwahi kunyooka. Hakuna njia ya tatu. Usiseme utamkumbuka katika sala zako halafu ubaki na shughuli zako. Weka karatasi hii chini. Toka, gonga mlango wa jirani yako sasa hivi, mwambie Alhamisi saa tatu, na usirudi ndani mpaka akubali kuja nawe.