Robo Iliyobaki Kwenye Kikaango cha Mama

Usiku wa jana niliota mama yangu, aliyetutoka mwezi uliopita, ameketi katikati ya kikaango chake cha chapati. Kikaango kilikuwa kipana kama ua wa nyumba. Mama alinielekea, lakini alikuwa amefumba macho.

Mwiko wake wa zamani umesimama kando, umevaa tai.

"Hii ni tathmini ya nyuzi mia tatu na sitini," unasema. "Watasema wa juu, wa chini, wa ubavuni na wa ndani. Kila neno la kweli litamzungusha robo. Duara likikamilika, atakutazama. Lisipokamilika, basi."

"Lakini mwisho atarudi palepale alipoanzia!"

"Chapati nayo hurudi palepale," unajibu mwiko. "Ila imeiva."

Paa linakohoa. "Wa juu ni mimi. Alinipaka masizi miaka yote, lakini alikuwa akiniimbia."

Kikaango kinazunguka robo.

"Wa chini mimi," linasema jiko la mkaa. "Alinipuliza kila alfajiri, hakunitukana hata siku moja."

Nusu. Sasa naona kisogo chake tu.

Mara tuko darasani kwetu, kidato cha pili. Jirani yetu Mama Subira, ambaye yu hai kabisa, ananyoosha kidole. "Wa ubavuni. Aliazima sukari, akanirudishia chumvi. Na ile chai niliinywa, jamani!"

Mabega ya mama yanatikisika kwa kicheko. Robo tatu.

"Wa ndani," unaita mwiko. "Wewe uliyetoka tumboni mwake."

Ninasimama. "Alikuwa mtu mwema."

Kikaango hakisogei.

"Hayo tuliyasikia matangani," unasema mwiko.

Ninakisogelea kikaango. "Mama, chapati ya kwanza uliiunguza kila siku, ukanipa mimi. Ukasema ndiyo tamu. Niliamini. Hadi leo sipendi nyingine."

Kikaango kinazunguka taratibu, kinasimama. Mama anafumbua macho.

"We Mwanaidi! Nilikuwa naiunguza makusudi. Ukipewa nyeupe ulikuwa ukilia mpaka majirani wanakuja." Anacheka, anajifuta machozi kwa mkono wake wa kushoto, ule aliopikia siku zote. "Na huo mpini wa kikaango, mwanangu, ugeuze. Unanisumbua."

Nikaamka nikicheka.

Tangu mazishi mimi ndiye ninayepika, na kikaango hukiacha jikoni mpini ukiwa kulia. Asubuhi hii niliukuta umeelekea kushoto.

Sikuugusa. Nilikanda unga, na ya kwanza nikaiacha iungue.