Bakuli la Samawati

Mfinyanzi alikuwa akifuta vumbi kwenye rafu za karakana alipoona bakuli la samawati halipo. Akauliza liko wapi.

"Mama alipita asubuhi," mumewe alisema bila kuinua macho. "Kalipenda, nikamwambia achukue."

"Lile si la kulia chakula! Nilitaka kulivunja!"

Samawati ile, laini kama mahameli, aliipata kwa kutia madini ya bariamu kwenye mpako wa kung'arisha vyombo. Ikichomwa barabara, oksidi yake hujifunga ndani ya mpako ulioyeyuka ukawa kioo. Lakini safari hii gesi iliisha kabla tanuri halijapata moto wake. Juzi alidondoshea siki kigae kilichochomwa humo humo, pakabaki baka jeupe. Kitu chochote kichachu kingeitoa bariamu, na bariamu ikiingia mwilini hulegeza misuli, hata ya moyo. Alijua hayo yote, ila uzuri wa bakuli ulimzuia mkono.

Alimpigia mama mkwe simu, haikupokelewa. Akatoka mbio, aproni kiunoni, udongo umemkaukia vidoleni.

Mama mkwe alikuwa amejilaza kwenye kochi. Mezani, bakuli lilikuwa na juisi ya ndimu, nusu.

"Mama, umekunywa hiyo?"

"Hata salamu hakuna?"

"Shikamoo, mama. Umekunywa?"

"Marahaba. Nimekunywa, tena tamu. Miguu tu leo imeniishia nguvu."

Mfinyanzi alimimina juisi kwenye chupa, akamshika mama mkwe mkono, wakaenda hospitali. Huko alimweleza daktari kila kitu, mama mkwe akisikia.

Walimtoa damu, wakampima moyo, wakamweka kitandani wamwangalie. Mfinyanzi alikaa pembeni akimtazama kifua kinavyopanda na kushuka.

"Kumbe ulitaka kuniua," mama mkwe alisema.

"Mama, usiseme hivyo!"

"Sasa mbona unalia wewe, na mgonjwa ni mimi?"

Jioni daktari alirudi. Damu ilikuwa salama, moyo salama. Miguu ilichoshwa tu na ngazi alizopanda asubuhi. Mama mkwe akadai viatu vyake palepale.

Mfinyanzi alimrudisha nyumbani, akalivunja bakuli siku hiyo hiyo. Hofu haikuvunjika. Wiki nzima alipiga simu kila asubuhi, eti kusalimia.

"Bado nipo, mwanangu," mama mkwe alikuwa akijibu, kisha anakata simu.