Mfuko wa Ndani wa Joho

Vipimo vya Yannick viko kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu: mabega arobaini na sita, kifua tisini na nane, mkono sitini na tatu. Mimi ni fundi wa kushona, nina cherehani mbili karibu na soko la Kikula, na Yannick Kazadi ni mchumba wangu. Familia yake imeshakuja nyumbani kujitambulisha. Sasa mwenye akili anieleze kwa nini joho lake lishonwe na msichana mwingine, Shekina.

Nilimwona amelivaa Jumamosi moja. La kijivu, refu mpaka visiginoni, lenye kofia, na lilimkaa vizuri mabegani. Joho halikai hivyo mpaka mtu apitishe utepe mgongoni, chini ya kwapa, kisha shingoni. Nilipofikiria vidole vya Shekina shingoni mwa mchumba wangu, nilijichoma sindano mara mbili.

Majoho ya aina hiyo yalikuwa ya wapenzi wa Wasafiri wa Majivu, katuni ya Kijapani isiyokwisha. Vijana kama kumi na watano, wengine wanafunzi, wengine wenye kazi kama Yannick anayetengeneza simu, walikusanyika kila Jumamosi mchana uani kwa kina Shekina. Walitazama kwenye kompyuta moja na kugombana juu ya watu wa kuchorwa kana kwamba ni wajomba zao. Walijiita Majivu, na Shekina ndiye aliyewashonea wote. Ana miaka ishirini na miwili. Mimi nina thelathini. Haya, nimesema.

Mwezi wa sita waya za umeme zikaanza kukatwa na kuibwa mtaani kwetu. Papa Adolphe, mtangazaji wa redio moja ya hapa, akatangaza kwamba shahidi amemwona mtu mwenye kofia kichwani. Kwa baridi ile ya mwezi wa sita, nani hakuwa na kofia kichwani? Lakini yeye aliwataja Majivu siku tatu mfululizo, na siku ya nne akaja dukani kwangu.

"Mama Josée, weye njo fundi," akasema, akaweka simu mezani inirekodi. "Ile majoho ya bale batoto iko na nini ndani?"

Nilijua kilichomo. Yannick alikuwa amenionyesha: mfuko mmoja mkubwa upande wa kushoto, wa kuwekea daftari, kwa sababu kwenye katuni kila msafiri ana daftari lake la safari. Ningeweza kusema hivyo tu. Ulimi hauna mfupa.

"Iko na mufuko mukubwa mu ndani," nikasema. "Minye niko nashona miaka kumi, siyaona muntu wa salama anaomba mufuko ya vile. Pince ya kukata waya inaingia muzima."

"Na banakutana kwa nani?"

"Kwa Shekina. Uliza Shekina. Kila kitu inatokea kwake."

Nilitaka wazazi wa Shekina waogope, wafunge geti, na Yannick arudi Jumamosi kukaa kwenye kiti chake kando ya cherehani yangu. Sikutaka zaidi ya hapo.

Kesho yake redio ikasema: fundi mtaalamu athibitisha, majoho ya Majivu yameshonwa kwa ajili ya wizi. Kanisani kwetu mchungaji akafunga pepo la Kijapani kwa jina la Yesu, nami nikasema amina. Jumamosi polisi wakaingia uani kwa kina Shekina, wakachukua vijana tisa. Yannick alikuwemo. Shekina pia. Tukaambiwa kwamba Ijumaa watapelekwa Buluo, gerezani.

Jumatatu waya zikakatwa tena, wao wakiwa ndani. Nikamkimbilia Papa Adolphe.

"Bale bote beko kwa polisi," nikamwambia. "Sasa nani amekata?"

"Ni benzao ba inje," akajibu bila kuinua macho. "Lisemwalo lipo, mama."

Ndipo nilipoogopa kweli. Ikiwa hata waya zilizokatwa wakiwa wamefungwa zinahesabiwa juu yao, hakuna kitakachowatoa. Nikapika bukari, ugali wetu, na samaki, nikaenda polisi.

Walinipa dakika chache na Yannick kwenye benchi la korido. Hakugusa chakula.

"Njo weye ulisema juu ya mufuko," akasema. Hakuuliza.

Badala ya kuomba msamaha, wivu ukanipanda hata hapo. "Juu ya nini alikushonea yeye? Vipimo yako yote iko kwangu."

"Josée, minye nilikuletea kitambaa weye wa kwanza. Mwezi wa tatu. Ulicheka mbele ya bantu, ukasema hauwezi kushona nguo ya bichaa."

Nikakumbuka. Kitambaa cha kijivu kwenye sashe ya plastiki, wateja wawili wakicheka pamoja nami, na mimi nikifurahia kuwachekesha. Alikunja sashe yake na kuondoka. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Nikaingia kwa mpelelezi wa kesi yao bila kuitwa. Joho la Yannick lilikuwa mezani pake, na karibu nalo kufuli zito la mlango. Nikaligeuza joho nje ndani, nikatoa daftari lake mfukoni, kisha nikatia lile kufuli mfukoni humo. Bitana ikachanika palepale, kufuli likaanguka karibu na viatu vyake.

"Shefu, hii ni bitana," nikamwambia. "Fundi hashone mufuko ya pince kwa kitambaa laini ya vile. Nilijua. Nilisema vile juu ya wivu."

Akaniandikisha maelezo, nikatia sahihi, na Jumatano wote tisa wakatoka. Redio haikusema kitu. Kwa hiyo Jumapili kanisani, wakati wa ushuhuda, nikasimama mwenyewe na kusema yote, Shekina akiwa amekaa mstari wa tatu. Hakuna aliyesema amina.

Wiki mbili Yannick hakuja. Jumamosi ya tatu akaja Shekina, na joho mkononi.

"Yaya Josée," akasema, kama mtu amwitavyo dada mkubwa, "Yannick anaomba umushonee mufuko. Anasema njo weye uliupasua."

"Mwenyewe haji?"

"Hakuniambia."

Nikaligeuza joho. Mishono ya Shekina ilikuwa midogo, imenyooka, safi kuliko yangu. Hata hilo liliniuma. Nikakata bitana mpya, nikashona polepole kuliko nilivyowahi kushona, na Shekina akakaa kunisubiri kwenye kiti cha Yannick.