Rosa na Alama ya Asilimia

Mwaka 1993 nilikuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali moja ya misheni hapa Kisumu, na nilijiona mtu wa maana kwa sababu nilikuwa na kompyuta. Mimi na mwenzangu Jaswant tulikuwa tumeingiza humo vitabu vyote vya uzazi. Hadi leo naikumbuka ile mashine kwa mapenzi, pamoja na kelele zake.

Asubuhi moja alikuja Amolo, msichana wa miaka kumi na minane, akiwa na nyanya yake Seline kutoka Kombewa. Amolo alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, lakini asipopeleka barua ya kuthibitisha kuzaliwa kwake kufikia Ijumaa, nafasi angepewa mwingine. Mamake, Rosa, alifariki yeye akiwa bado mchanga.

Niliandika Amolo. Hakuna.

"Hakuzaliwa hapa," nikasema, kwa kile kiburi changu cha siku zile.

"Nyathina, mwanangu, mimi nilikuwa hapo nje ya mlango," Seline akasema. "Amolo ni jina ya nyumbani. Mtoto alilia wiki mbili, hanyonyi, halali. Tukamwita majina ya watu wetu waliokufa, moja moja. Kufika kwa mama yangu, Amolo, akanyamaza. Ile jina ya hospitali, Rosa alienda nayo kaburini."

"Basi tafuta kwa mama," Jaswant akasema.

"Rosa nani? Aliandikisha jina la baba yake au la bwana yake?" nikauliza.

Seline hakujua. Jaswant akanisogeza kando, akaandika Rosa kisha alama ya asilimia, ambayo huiambia kompyuta: likifuata jina lolote, lete tu. Mahali pa jina la mtoto hakuweka kitu. Akaongeza Kombewa, na mwaka 1975.

Ikatokea mistari miwili. Mmoja ulikuwa wa mtoto wa kiume. Wa pili ulisema: Rosa Awuor, mtoto msichana, Damaris.

Nilikwenda stoo kuleta kitabu chenyewe ili nihakikishe. Zamani mama alijiandikia mwenyewe jina la mtoto na kutia sahihi, na herufi za Rosa zilikuwa kubwa, kalamu imekandamizwa karibu itoboe karatasi. Nilipiga chapa barua yenye majina yote mawili, Jaswant akagonga mhuri. Seline akaichukua, akatushukuru mara tatu.

Amolo hakuinuka. Kidole chake kilikuwa juu ya maandishi.

"Huyu ni yeye aliandika?"

"Ni yeye."

"Kwetu hakuna hata picha yake," akasema. "Hiyo barua ni ya chuo. Mimi naomba nikae na hii kidogo."

Siku hiyo tulifunga ofisi kwa chakula cha mchana saa nane badala ya saa saba.