Ukuta wa Mbao wa Ambrose Yelland

Miaka hamsini na mitano Ambrose Yelland aliusifia ule ukuta kwa wageni, na sasa alitaka kuukata kwa msumeno. Mdomo wake mwenyewe ndio uliomponza.

Jumba la Yelland, pale Wickcombe, lilijengwa vipande vipande kwa karne nne, na katika mafundi wote hao nadhani hakuna aliyewahi kushika pimamaji. Chumba hiki unapanda ngazi mbili, kile unashuka tatu, na mabomba ya moshi juu ya paa yameinamiana kama wambea. Chumba kimoja tu cha chini kilikuwa sawasawa na ukumbi, tena chenye choo jirani. Hicho ndicho Ambrose alichokitaka kwa ajili ya mkewe Hester, aliyevunjika nyonga na kulazwa mjini. Hospitali ilishasema: kufikia Ijumaa kiti cha magurudumu kiweze kufika kitandani, la sivyo bibi anapelekwa makao ya wazee. Na mlango wa chumba hicho, uliokuwa katikati ya ukuta wa mbao, hata Ambrose mwenyewe, mwembamba vile, aliupita kiubavu.

Sasa jumba la kale hung'oi hata msumari bila kibali. Jumanne akaja Bi Philippa Garrod, ofisa wa majumba ya kale, na tochi yake na buti zake safi.

"Bi Garrod, huu ukuta ni feki," Ambrose akamwambia. "Nimeujenga mimi, mwaka sitini na nne."

Bi Garrod akacheka. "Bwana Yelland, mimi nilikuja hapa na darasa letu nikiwa na miaka tisa. Ulituonyesha ubao huu, ukasema askari wa mfalme waliukatakata kwa panga wakimsaka kasisi aliyejificha humu. Sikulala wiki nzima! Ndiyo maana nikasomea kazi hii."

"Nilidanganya. Ni ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Mbao ni za zizi la baba, liliangushwa na upepo. Hizo ni alama za meno ya ng'ombe."

Uso wa Bi Garrod ulimshuka, maskini, kisha ukakaza. "Mbao zimepimwa. Mti ulikatwa miaka mia tano iliyopita."

"Mbao ndiyo! Ukuta siyo!"

"Kila anayetaka kubomoa huniapia hivyohivyo. Wiki iliyopita ameniapia padri mzima. Nipe ushahidi, Bwana Yelland."

Pembeni alisimama Denzil Pook, seremala, na msumeno wake, akijikaza asicheke. Ambrose hakumpenda Denzil. Mwezi wa Mei mwaka ule wa sitini na nne, Hester, bibi harusi wa miezi mitatu, alirudi kutoka dansini na kiatu kimoja mguuni, na aliyemleta kwa gari la mikate alikuwa huyuhuyu Denzil. Kiatu cha pili hakikuonekana tena. Ambrose hakuuliza, wala hakusahau. Tangu siku hiyo Denzil ametengeneza paa, ngazi na madirisha ya jumba lile, na hajapewa hata kikombe cha chai. Katika kijiji kile, kumnyima fundi chai ni matusi makubwa kuliko kumtukania mama yake.

Ambrose akampigia Hester simu. "Mke wangu, hawaniamini. Watakupeleka kwa wazee."

Hester akaangua kicheko, kile cha kwikwi anachokijua. "Ubao wa tatu kutoka mlangoni, ule wa chini. Toeni. Wala usiniulize kitu."

Bi Garrod akakubali, kwa sharti Denzil asivunje hata kijiti. Denzil akagonga polepole, ubao ukatoka, vumbi likawapaka nyuso. Bi Garrod akapitisha mkono mle ndani, akapiga yowe.

"Kiatu! Mungu wangu, kiatu cha kufukuza wachawi! Watu wa zamani waliviweka ukutani! Bwana Yelland, ukuta huu hauguswi milele!"

Ambrose akawaza: Ijumaa ndiyo hiyo imekwenda.

Lakini Denzil akakipangusa kiatu kwa shati. Kilikuwa chekundu, cha kike, kisigino kimevunjika, na ndani mmekunjwa tiketi: dansi ya ukumbi wa kijiji, Jumamosi, tarehe tisa Mei, 1964.

Bi Garrod akaisoma mara mbili. Kisha akatoa fomu ya kibali na kalamu.

Ambrose alikuwa bado na simu sikioni. "Hester. Kiatu."

"Kilivunjika nikicheza, Denzil akanionea huruma akanileta. Nikakuta umebakiza ubao mmoja wa kupigilia, nawe uko jikoni. Bibi yangu alikuwa akisema nyumba huwekwa kiatu ukutani ipate heri, basi nikakitumbukiza. Kuingia jikoni, ukanitazama mguu, ukanuna!"

"Miaka hamsini na mitano, Hester! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, wewe mzee? Wivu ulikuwa unakurudisha nyumbani mapema."

Ambrose akakata simu. Masikio yalikuwa mekundu kuliko kiatu. Akaenda jikoni, akabandika birika, akarudi akasimama mlangoni, mikono hajui aiweke wapi.

"Denzil," akasema. "Sukari ngapi?"

Denzil akaweka msumeno chini. "Vijiko vitatu," akasema. "Na biskuti za miaka yote hiyo."

Ijumaa Hester akaingia kwa kiti chake, mlango ukiwa na nafasi tele. Akapitisha kidole kwenye meno ya ng'ombe. "Askari wa mfalme hawajambo?"

Ambrose alifungua droo ya kabati, akatoa kifurushi cha gazeti la zamani, akamwekea mapajani. Ndani mlikuwa na mwenzake wa kile kiatu cha ukutani, kimepakwa rangi, kinang'aa.

"Nilidhani ulikitupa," Hester akasema. "Wewe na hasira zile!"

"Nilikuwa nakipaka rangi kila Mei," Ambrose akasema. "Nilisema siku mwenzake akirudi, asikute huyu amechakaa."

Hester akamshika sikio, akamvuta chini karibu yake, wala hakumwachia upesi.