Feni ya Chumba cha Pasi

Dada yangu alianguka mbele ya feni saa nane mchana, mkono ungali kwenye pasi. Alifika hospitali akiwa ameshafariki. Siku ya nne nilirudi kazini, nikanyoosha mashuka ya hoteli. Sikuhisi kitu.

Miaka sita kabla, madirisha ya chumba chetu yalipigiliwa misumari, eti tunaiba mashuka kwa kuyapitishia hapo. Tarehe ninayo. Tulipolalamikia joto, meneja akaleta feni, tukampigia makofi. Nami nilipiga.

Sasa meneja huyo alileta karatasi: "Feni ilikuwepo na ilifanya kazi." Tutie sahihi wote kumi na wawili, ionekane dada alikuja na maradhi yake.

"Kwani uongo?" aliuliza Mama Pacha, wa meza ya pili. "Feni si ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Ndiyo iliyommaliza."

"Haya, Profesa wa darasa la saba. Kesho utatuambia ndoo inang'ata."

Siku nyingine ningemjibu. Siku hiyo nilimweleza tu nilichokisoma. Hewa ni chembe zisizoonekana, hazitulii, na zikipata joto zinakimbia zaidi. Hewa ikiwa baridi kuliko mwili, zinakugonga na kuondoka na joto lako. Ikiwa moto kuliko mwili, zinakugonga na kukuachia joto. Feni haipozi hewa, inaisukuma. Inakuletea chembe nyingine, na nyingine. Jasho hupoza mwili likikauka, lingemwokoa, ila kwenye mvuke wa pasi zetu halikauki.

"Mwili ni digrii thelathini na saba," nilisema. "Kasome kipimajoto nilichotundika asubuhi."

Alikwenda, akakisoma. Arobaini na nne.

"Siku ile dada yako alisema kichwa kinamzunguka," alisema aliporudi, sauti chini. "Nani alimgeuzia feni?"

"Mimi."

Alikunja shuka moja, akalikunjua, akalikunja tena.

Meneja alianza kwangu, nikakataa. Alipomfikia Mama Pacha, mama huyo alishika kalamu. "Bosi, pa kuandika joto ni wapi?"

"Hapana. Tia sahihi."

"Andika arobaini na nne, nitie."

"Utafukuzwa, mama."

"Nifukuze nikiwa hai, baba."

Meneja alihamia meza ya tatu. Wa hapo akatia. Wa nne akatia. Hadi jioni walitia kumi, mmoja mmoja, bila kutazama kwangu. Mimi na Mama Pacha tuliambiwa kesho tusije.

Tulimalizia mashuka yaliyobaki.