Kompyuta Yenye Mvi

Bu Wuryani alifika ghorofa ya tatu ya soko la kompyuta, Surabaya, Indonesia, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, na wali wake wa mchana kaufunga kwenye jani la mgomba. Alitaka awe mteja wa kwanza. Muuzaji akimwacha mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu, biashara ya siku nzima huharibika, kwa hiyo bei atakayotaja mteja huyo hukubaliwa.

Kazi yake ni kuchora nakshi za kudarizi mashati ya shule. Kompyuta yake ilikufa Ramadhani. Hii ya sasa ilibidi idumu miaka kumi, maana pesa ya kununulia nyingine hana, na mjukuu anayemlea ndiyo kwanza yuko darasa la kwanza.

Alimkuta Koh Liong, mwenye duka, bado ananyoa.

Vifaa vilivyotumika huota mvi. Kadi za picha zilizokesha miaka mitatu zikitafuta sarafu za mtandaoni huota ndefu hasa, kuzunguka feni. Koh Liong hunyoa kwa wembe na poda ya watoto, kwa kuwa sabuni huharibu saketi. Kisha hubandika stika ya waranti, kadi ikawa mpya.

"Bu, mbona mapema hivi? Hata kahawa sijaonja."

"Endelea tu, Koh. Hapo pembeni umepaacha."

Akaparudia. "Unatafuta nini?"

"Kompyuta ya kuzeeka nayo."

"Anza na kadi hii. Mpya kabisa, ina taa za rangi saba."

"Mpya, na wembe bado una nywele? Na taa za nini, kwani naolewa?"

Koh Liong alicheka mpaka poda ikamwagika. Akavuta boksi la mitumba chini ya meza. Bu Wuryani alichagua prosesa iliyotoka ofisi ya bima, pamoja na bodi yake. Mvi za prosesa hiyo zilikuwa fupi, safi, za mtu aliyefanya kazi saa za ofisi tu. Kisanduku cha umeme alitaka chenye upara wa kuzaliwa, kipya kweli. "Hicho kikifa huondoka na wenzake." Diski mpya, memori yenye nafasi mbili za kuongezea baadaye, na kasha la kawaida lenye chujio la vumbi linalooshwa.

Akataja bei. Koh Liong aliguna, akakubali, akazigusisha noti alizolipwa kwenye bidhaa zote dukani, zilizonyolewa na zisizonyolewa, zilete baraka.

Kompyuta ilipounganishwa na kuwashwa, prosesa ilikohoa mara moja, ikatulia. Bu Wuryani aliazima chanuo, akaichana taratibu. Alikuwa ameridhika.

Mteja wa pili alikuwa mwalimu wa chuo cha ufundi. Aliipapasa ile kadi ya taa za rangi saba.

"Inachoma kama kidevu," alisema.

"Imenyolewa leo, mwanangu," Bu Wuryani alimwambia. "Zenye mvi zipo chini ya meza, nusu bei."

"Naona, Bu. Lakini hii ina stika."

Akalipa bei ya mpya. Koh Liong akamfungia vizuri, akapuliza wembe, akachukua kadi nyingine ya kunyoa.